Safari ya udaktari huanza kidato cha tatu

Wazazi na walezi wengi wa Handeni na Korogwe, wanapoulizwa mtoto wao atasomea nini, hujibu kwa neno moja: udaktari. Jibu hilo lina heshima yake, na haja ya madaktari katika wilaya hizi si ya kubishaniwa. Tatizo ni kwamba wengi hudhani uamuzi wenyewe hufanywa baada ya kidato cha sita, wakati wa kuomba chuo. Ukweli ni kwamba ifikapo siku hiyo, mlango huwa umekwisha kufunguliwa au kufungwa zamani.

Dhana hiyo huchochewa na habari zitokazo ng'ambo. Nchini Marekani kijana husoma kwanza shahada ya miaka 4, iwe ya biolojia, ya kemia au hata ya historia, mradi atimize masomo ya sayansi yanayotakiwa. Ndipo huomba chuo cha udaktari na kusoma miaka 4 mingine. Kwetu sivyo. Udaktari ni shahada ya kwanza, nayo huchukua miaka 5, iwe Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza au Chuo Kikuu cha Dodoma. Hufuatiwa na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Kijana anayeambiwa asome shahada yoyote ya sayansi kwa kuwa udaktari utakuja baadaye, anapewa ushauri wa nchi nyingine.

Kwetu, kinachoshika nafasi ya shahada ile ya awali ni tahasusi ya kidato cha tano. Anayetoka kidato cha sita na kutaka udaktari anatakiwa awe amefaulu kikamilifu fizikia, kemia na biolojia, yote matatu. Alama ya S haihesabiwi kuwa ufaulu kamili. Tahasusi yenye masomo hayo ni PCB. Aliyesoma CBG, hata akipata A tatu, hana fizikia. Kwa njia hiyo udaktari humpita, ingawa kilimo, lishe na fani nyingine humpokea.

Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65 badala ya 16 zilizozoeleka. Uchaguzi umepanuka, na nafasi ya kupotea imepanuka pia. Kwa hiyo kabla mtoto hajajaza fomu ya machaguo, mzazi na aulize swali moja: je, tahasusi hii ina fizikia, kemia na biolojia kwa pamoja?

Lakini hata kidato cha nne ni kuchelewa. Kwa utaratibu uliozoeleka katika shule zetu, mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu huruhusiwa kuacha fizikia na kemia, huku biolojia na hisabati zikibaki za lazima. Hapo ndipo watoto wengi wa Mkata, Kabuku, Mombo na Magoma hufanya uamuzi mzito bila kujua uzito wake. Mtoto wa miaka 15 huacha fizikia kwa sababu mwalimu wa somo hayupo, au kwa sababu rafiki zake wameiacha. Mzazi huja kupata habari miaka miwili baadaye. Kwa kuwa mtaala mpya unaingizwa hatua kwa hatua, ni wajibu wa mzazi kufika shuleni na kuuliza utaratibu unaomhusu mtoto wake.

Ipo njia ya pili ambayo haistahili kudharauliwa. Mhitimu wa kidato cha nne mwenye ufaulu katika masomo manne, yakiwamo kemia, biolojia na fizikia, anaweza kuomba stashahada ya utabibu ya miaka 3 na kuwa afisa tabibu. Wasomaji wetu na wazingatie jambo moja: masomo ya dini hayahesabiwi katika hayo manne. Alama nzuri ya Elimu ya Dini ya Kiislamu ina thamani yake, lakini haizibi pengo la somo jingine.

Afisa tabibu mwenye wastani wa B au GPA ya 3.0 anaweza kuomba shahada ya udaktari, iwapo pia alipata angalau D katika hisabati, kemia, biolojia, fizikia na Kiingereza alipokuwa kidato cha nne. Wengi hukwamishwa na hisabati, somo walilolipuuza wakiamini kwamba tabibu haihitaji.

Tuhesabu miaka. Kwa PCB, kutoka kidato cha nne ni miaka 2, kisha 5, kisha 1: jumla 8. Kwa utabibu ni miaka 3, kisha 5, kisha 1: jumla 9, bila muda wa kusubiri nafasi au ada. Tofauti ni mwaka mmoja, na mwenye stashahada ana taaluma ya kumpatia riziki hata kama safari itaishia hapo. Aliyesoma PCB akakosa udaktari atalazimika kutafuta chuo kingine kwa alama zilezile. Familia yenye kipato kidogo na ilipime jambo hilo kwa makini.

Wala tiba si daktari peke yake. Kati ya 2009 na 2014, Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Kazi ya namna ile haifanywi na madaktari pekee. Huhitaji pia wauguzi, wataalamu wa maabara na watakwimu.

Basi mwenye mtoto kidato cha pili na aketi naye sasa, mbele ya ripoti zake za shule. Kama fizikia ni dhaifu lakini moyo wake uko kwenye tiba, atafutiwe msaada wa masomo kabla ya kuiacha. Kama hapendi sayansi, asilazimishwe kwa ajili ya jina la ukoo. Na kila mwaka, kabla ya kuomba, usomwe mwongozo wa TCU kwa vyuo vikuu na wa NACTVET kwa stashahada, kwa kuwa vigezo hubadilika na kila chuo huweza kuongeza vyake.