Siku Nne za Baba

Mtoto anapozaliwa kijijini, bibi na shangazi hufika na kuni, maji na uji. Katika kambi za jeshi na nyumba za polisi jamaa wako mbali, na mara nyingi mama hana wa kumsaidia ila mumewe. Je, sheria ya Uganda inampa mume huyo nafasi gani?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na angalau majuma manne lazima yafuate kujifungua au kuharibika kwa mimba. Inampasa amwarifu mwajiri kwa maandishi siku 7 kabla. Baba, naye kwa mshahara kamili, amepewa siku 4 za kazi. Siku nne! Kitovu cha mtoto hakijadondoka, baba amekwisha kurudi zamu. Huko Kenya, sheria ya mwaka 2007 inampa baba majuma mawili.

Liko jambo lisilojulikana na wengi: sheria hiyo ya Uganda haiwahusu wanajeshi wa UPDF, ila raia walioajiriwa na jeshi. Polisi hawakutengwa hivyo. Basi mwanajeshi hawezi kuidai likizo kwa sheria hiyo. Haki yake hutoka katika sheria na kanuni za jeshi lenyewe. Ni vema aulize kikosini mapema, asingoje uchungu uanze.

Kuibadili sheria si kazi ya siku moja. Mswada husomwa Bungeni, huchunguzwa na kamati, hujadiliwa na kupitishwa, kisha hungoja sahihi ya Rais. Mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira, ulioletwa na mbunge wa wafanyakazi, Agnes Kunihira, ulipitishwa Mei 2023. Rais Museveni hakuutia sahihi, akaurudisha Bungeni. Katiba yamruhusu kufanya hivyo. Akiurudisha mara mbili, Bunge laweza kuupitisha mara ya tatu kwa theluthi mbili ya wabunge wote, ukawa sheria bila sahihi yake.

Katika Bunge hilo wafanyakazi wana wawakilishi 5, na jeshi lina 10, wasiopungua wawili wao wakiwa wanawake. Hao ndio wa kuelezwa jinsi siku nne zinavyopita nyumbani mwa askari.