Ziwa Likifungwa, Maembe Yajaze Kapu

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika maziwa na mito yake mingi ili samaki wazaliane. Ziwa Mweru limo. Kwa wafanyabiashara wa Nchelenge na soko la Kashikishi, waliozoea kupakia chisense kwenda Copperbelt au Kongo, hiyo ni miezi 3 ya mtaji kukaa bure.

Lakini miezi hiyohiyo maembe huiva Luapula yote, mengi yakiozea chini ya miti. Embe bivu halivumilii safari. Likikaushwa na kutiwa kwenye biskuti, huwa bidhaa nyepesi inayovuka ziwa bila barafu.

Tatizo ni mvua. Maembe huiva masika, kwa hiyo jua la kutegemea halipo. Tengeneza sanduku la mbao lenye wavu ndani, juu ulifunike kwa plastiki angavu na uache matundu ya hewa. Kata vipande vyembamba vya nusu sentimita. Vimekauka vikikunjika bila kunata wala kutoa maji. Kilo 10 za maembe hutoa takriban kilo 1 tu, basi usinunue kwa kukisia. Na kamwe usianike kwenye chanja za chisense: embe hunyonya harufu, na mteja hatarudi.

Kwa kuoka, chukua unga wa ngano kikombe 1 na nusu, unga wa muhogo nusu kikombe, sukari nusu kikombe, siagi nusu kikombe, yai 1, beking pauda kijiko 1 cha chai na chumvi kidogo. Ongeza kikombe 1 cha embe kavu lililokatwakatwa. Muhogo uwe mtamu, uliomenywa na kukaushwa bila kuvundikwa. Ule mchungu lazima uvundikwe kuondoa sumu, na unga wake huleta ukakasi kwenye biskuti. Oka dakika 12 hadi 15 kwa nyuzi 180. Asiye na oveni atie mchanga ndani ya sufuria kubwa juu ya mbaula, aweke trei juu ya mchanga, afunike na kupanga makaa machache juu ya kifuniko.

Ziache zipoe kabisa kabla ya kufunga, kwani mvuke ukibaki ndani ya mfuko huleta ukungu. Safari ya boti wakati wa mvua inataka mifuko iliyozibwa vizuri ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Kuhusu soko, taja wazi unakopeleka mzigo: kisiwa cha Kilwa ni cha Zambia, mji wa Kilwa uko Kongo. Ukivuka mpaka, utakutana na forodha ya DGDA na wakaguzi wa bidhaa wa OCC. Zambia na Kongo zote ni wanachama wa COMESA na SADC, hivyo uliza forodha ya Nchelenge, kabla ya kuoka, ni hati gani ya asili ya bidhaa unayohitaji.

Bei ihesabu unga, siagi, mkaa, mifuko, nauli, ushuru na tofauti ya kwacha na faranga. Jaribu trei moja mwezi Novemba, kabla ziwa halijafungwa. Ikirudisha gharama na kubakiza cha kununulia unga mwingine, Desemba utakuwa na kazi.