Uzamili wa muziki: Kipaji pekee hakimpi mtu shahada

TAMASHA la Muziki la Kenya, ambalo mizizi yake ni ya mwaka wa 1927, limewaibua waimbaji, wapigaji ala na waelekezi wa kwaya wasiohesabika. Baadhi yao hujiunga na vyuo vikuu, wakahitimu shahada ya kwanza, na baada ya miaka michache ya kufundisha wakafikiria kurudi darasani kusomea uzamili. Hapo ndipo wengi hugutuka: sifa iliyowapa makombe jukwaani siyo inayowapa shahada ya pili.

Sababu ni kwamba shahada ya uzamili haipimi kipaji peke yake. Humtaka mwanafunzi aufanye muziki, autambue kwa sikio, auandike, na zaidi ya yote, aueleze kwa hoja ambazo wataalamu wengine wanaweza kuzichunguza na kuzipinga. Asiyelifahamu jambo hili mapema hulipa karo kwa miaka miwili, akamaliza masomo ya darasani salama, kisha akakwama kwenye tasnifu.

Sifa za kujiunga

Humu nchini, masomo ya muziki ya kiwango hiki hutolewa na vyuo vikuu vichache, vikiwemo Kenyatta na Maseno. Kwa mujibu wa viwango vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) mwaka wa 2014, anayeomba nafasi anatarajiwa kuwa na shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu katika fani inayohusiana. Mwenye daraja la pili la chini naye anaweza kufikiriwa iwapo ana tajriba ya kazi, aghalabu ya miaka miwili.

Maneno “fani inayohusiana” ndiyo huwatatiza wengi. Mwalimu aliyesomea muziki pamoja na somo jingine, tuseme Kiswahili au historia, hakusoma kozi nyingi za muziki kama mwenzake aliyeshughulikia muziki pekee. Idara inaweza kumkubali kwa sharti kwamba asome kwanza kozi za kuziba pengo, hasa nadharia, upatanifu wa sauti na historia ya muziki. Kozi hizo huongeza muda na gharama, hivyo ni busara kuziulizia kabla ya kujaza fomu.

Kuna pia wanaotegemea vyeti vya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza yenye gredi nane. Vyeti hivyo vina uzito wake. Mtahiniwa kwa kawaida hawezi kufanya mtihani wa vitendo wa gredi ya sita hadi ya nane kabla ya kupita gredi ya tano ya nadharia au mtihani unaolingana nao. Hata hivyo, cheti cha gredi ya nane ni ushahidi wa ustadi wa ala. Hakichukui nafasi ya shahada ya kwanza. Mpigaji piano hodari mwenye shahada ya biashara hatafunguliwa mlango kwa cheti hicho pekee.

Kuchagua mkondo

Uzamili wa muziki una mikondo kadhaa, na kila mmoja huzaa kazi ya aina yake. Anayesomea uwasilishaji hutakiwa kuandaa onyesho la kuhitimu mbele ya watahini, ambalo aghalabu hukaribia saa moja, likiwa na nyimbo za vipindi na mitindo mbalimbali pamoja na maelezo ya maandishi kuhusu kila wimbo. Anayesomea utunzi huwasilisha tungo zake zilizoandikwa kwa nota, na kuandamana nazo maelezo ya jinsi alivyozijenga na kwa nini.

Anayesomea elimu ya muziki huchunguza ufundishaji: mtaala, vifaa, mbinu na matokeo yake kwa wanafunzi. Naye wa ethnomuzikolojia, yaani taaluma ya muziki katika maisha na utamaduni wa watu, huenda nyanjani kusikiliza, kurekodi, kuhoji na kushiriki.

Kosa la kawaida ni kuchagua mkondo kwa kufuata jina lake. Mwimbaji anayetaka kukuza sauti yake hujisajili katika kozi ya utafiti, kisha akashangaa kwamba hakuna anayemtaka aimbe. Mwalimu anayetarajia kupandishwa cheo naye huchukua uwasilishaji, akagundua kwamba anadaiwa saa nyingi za mazoezi kila siku ilhali ana madarasa ya kufundisha.

Mtihani wa utafiti

Baada ya masomo ya darasani huja pendekezo la utafiti, na hapa ndipo safari za wengi huishia. Pendekezo huanguka si kwa sababu mada ni mbaya, bali kwa sababu ni pana mno. “Muziki wa Pwani” si mada. Ni maktaba nzima. Marehemu Washington Omondi, aliyekuwa katika jopo la watu watano lililotayarisha wimbo wa taifa mwaka wa 1963, alitunukiwa uzamifu na Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1980 kwa utafiti kuhusu thum, ala ya nyuzi ya Waluo. Jean Kidula naye, katika kitabu chake cha mwaka wa 2013 kuhusu muziki wa Kikristo nchini, alijikita katika nyimbo za kidini za Walogooli. Kisima chembamba ndicho huchimbwa kina.

Hata mada finyu ina ugumu wake. Mchukue mpigaji nyatiti mmoja. Mikono yake inacheza nyuzi nane, kidole gumba cha mguu kilichovishwa pete ya chuma kinagonga ukingo wa ala, njuga zinalia mguuni, na juu ya hayo yote anaimba. Mtafiti anayetaka kuyaweka hayo kwenye karatasi hugundua upesi kwamba nota za Kizungu hazikuundiwa sauti hizo zote. Sharti aamue ataandika nini, ataacha nini, na aieleze sababu yake. Uamuzi huo ndio usomi wenyewe. Onyesho zuri la nyatiti, hata lingeshangiliwa vipi, halijibu swali hilo.

Kuna na masharti ya kisheria. Chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013, mtafiti huhitaji leseni kutoka kwa tume ya NACOSTI kabla ya kwenda nyanjani. Fauka ya hayo, sheria ya mwaka wa 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazipa jamii haki juu ya urithi wao. Kinasasauti hakiwashwi kabla ya wenyewe kuelezwa kazi inahusu nini, rekodi zitawekwa wapi na nani atazitumia, nao wakaridhia.

Kutetea na kuchapisha

Tasnifu ikikamilika hupelekwa kwa watahini, akiwemo mmoja wa nje ya chuo, kisha mwanafunzi huitetea mbele ya jopo. Ni nadra kazi kupita bila marekebisho. Viwango vya CUE vilitaka pia matokeo yachapishwe katika majarida ya kitaalamu: makala moja kwa uzamili na mbili kwa uzamifu. Muda wa chini ni miaka miwili kwa uzamili na mitatu kwa uzamifu, lakini huo ni muda wa chini tu.

Masharti haya yana uzito kwa sababu yanaamua nani atafundisha. Vigezo vya uajiri vilivyotolewa na tume hiyo mwaka wa 2014 viliutaja uzamifu kuwa sifa ya mhadhiri. Fundi wa nyatiti au wa nzumari aliyejifunza kwa babu yake anaweza basi kualikwa chuoni aonyeshe sanaa yake, lakini anayetia saini matokeo ya mtihani ni mwenye tasnifu. Iwapo mwenye tasnifu hakuijua sanaa hiyo kwa dhati, wanafunzi ndio wanaopoteza.

Kabla ya kulipa karo, basi, anayetaka shahada hii ajiulize mambo matatu. Je, mkondo anaouchagua unalingana na kazi anayotaka kuifanya? Je, idarani yupo mhadhiri anayeifahamu mada yake na mwenye nafasi ya kumsimamia? Na je, yu tayari kuandika kurasa nyingi kuhusu kile ambacho amezoea kukiimba? Mwanzo wa ngoma ni lele, na lele ya uzamili wa muziki ni maswali hayo.