Je, Wajua? Mavazi ya Mnenguaji wa Go-Go

Je, wajua kwamba vazi maarufu la go-go (unenguaji wa klabuni), gauni fupi la matamvua na buti nyeupe, linatajwa kuwa kazi ya mnenguaji mwenyewe? Klabu ya Whisky a Go Go ilifunguliwa Januari 1964 katika eneo la Los Angeles, Marekani. Joanie Labine, mmoja wa wasichana waliocheza humo ndani ya kibanda cha kioo kilichoning'inia juu ya ukumbi, ndiye anayesifiwa kwa kulibuni. Haishangazi kwamba limedumu: aliyelibuni alicheza akiwa amelivaa.

Je, wajua kazi ya matamvua? Si pambo tu. Nyonga zikikata kwenda kulia, nyuzi bado ziko njiani kwenda kushoto, hivyo aliyekaa nyuma kabisa huona msogeo mkubwa kuliko ule wa mwili. Ndiyo maana yalifaa sana kwenye vipindi vya televisheni kama Shindig! na Hullabaloo, enzi ambayo nyumba nyingi za Marekani zilikuwa na runinga zisizo na rangi. Sharti moja: yashonewe juu tu, chini yaachwe huru.

Je, wajua kwamba buti za mwanzo hazikuwa na mchuchumio? André Courrèges alizionyesha Paris mwaka 1964, nyeupe na zenye kisigino kifupi. Mwaka 1966 wimbo wa Nancy Sinatra kuhusu buti ulishika namba moja Marekani, na buti zikaenea kila mahali. Kwa anayeanza, kisigino kifupi na kipana bado ndicho bora.

Je, wajua kwamba soli inaweza kuumiza goti? Soli ya mpira hung'ang'ania sakafu. Unyayo ukinata huku mwili ukizunguka, goti ndilo linalopindwa. Soli laini mno nayo inateleza. Ijaribu kwenye sakafu ileile utakayochezea. Tena, usifanye mazoezi pekupeku wiki nzima kisha upande jukwaani na visigino: kisigino kikiinuka, uzito husogea mbele na mizani yote hubadilika.

Je, wajua kwamba buti za plastiki hazipitishi jasho? Vaa soksi ndani, na ukizivua ziache wazi zikauke.

Je, wajua kwamba fulana ya pamba hunywa jasho na kubaki nalo? Kwa mazoezi marefu, kitambaa chepesi kinachokauka haraka kinafaa zaidi. Kinachovutika pia: uzi wa spandeksi, uliobuniwa na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont mwaka 1958, huweza kuvutwa hata mara 5 ya urefu wake na kurudi ulivyokuwa.

Je, wajua kwamba sketi fupi ndiyo iliyozipa soko soksi ndefu za hadi kiunoni? Zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1959, lakini kimini kilipopanda juu ya goti, soksi za kufungwa mapajani hazikuwa na pa kujificha.

Je, wajua kwamba mwaka 1968 vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, walitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita vimini, mawigi na suruali za kubana nchini Tanzania kuanzia Januari 1969?

Je, wajua kwa nini vazi jeupe huwaka chini ya taa za zambarau za klabu? Sabuni nyingi za unga zina kemikali zinazogeuza mwanga wa urujuanimno kuwa mwanga wa buluu unaoonekana. Bahati mbaya, doa nalo hujitokeza.

Je, wajua kwamba anayecheza juu ya jukwaa hutazamwa kutoka chini? Taiti fupi ya rangi ileile ndani ya sketi ni ya lazima. Nawe dada, kabla hujalipa, inua mikono yote miwili, chuchumaa, kisha jizungushe mbele ya kioo. Vazi likipanda, likibana makwapa au likikuzuia kupumua, liache hapohapo dukani.