Wakili wa Muuzaji Si Wakili Wenu

Akina mama wengi tunaowatembelea majumbani huambiwa na muuzaji wa nyumba, "Wakili ninaye tayari, msijisumbue." Hapo ndipo pa kujisumbua, maana huyo anamtumikia aliyemwajiri. Mume na mke tafuteni wenu, mwulizeni leseni yake ya mwaka huu, na ada mkubaliane kwa maandishi. Kabla hamjagusa akiba ya watoto, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati: mwenye hati ni nani, je, benki inadai, kuna zuio? Kisha adai sahihi ya mke wa muuzaji. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa yake. Wakisema yuko safarini, msubirini arudi.