Mvunja Vioo na Fundi Wake

Haya, watoto, sogeeni. Mtoto wa miaka mitano hivi anaokota jiwe, analenga dirisha, anarusha. Chwaa! Kioo chini, mtoto mbio. Mara kwenye kona anachomoza fundi, vioo vimemjaa mgongoni, anatembea kama hana habari. Mwenye nyumba anamwita haraka, kwa kuwa fundi kajileta mwenyewe. Kumbe wale wawili wanaishi nyumba moja, na hiyo ndiyo biashara yao!

Ngojeni, bado. Kwenye dirisha jingine mtoto anavuta mkono nyuma ili arushe kwa nguvu, mkono unagusa kitu. Polisi! Amesimama nyuma yake kabisa. Mtoto anakirusharusha kijiwe juu kama anayecheza tu, anakiangusha, kisha huyoo!

Filamu hii inaitwa The Kid, ilitoka Marekani mwaka 1921. Ni filamu bubu: hakuna sauti ya mtu, ila maandishi machache. Fundi ni Charlie Chaplin, ambaye pia ndiye aliyeitunga na kuiongoza. Mtoto ni Jackie Coogan. Chaplin alimwona jukwaani Los Angeles, pale baba yake Jackie alipokuwa akicheza ngoma, akaona huyu anaweza kuiga chochote. Na kweli, tazameni anavyopika chapati za maji huku akimwamrisha fundi, anayemlea kama baba katika filamu, atoke kitandani. Fundi anapitisha kichwa kwenye tundu la blanketi, na blanketi linageuka joho. Mimi hapo hucheka kila mara.

Halafu kicheko kinakatika. Maofisa wanakuja kumchukua mtoto wampeleke kwenye kituo cha yatima, wanampakia kwenye gari, naye analia akinyoosha mikono. Chaplin aliyajua hayo. Akiwa na miaka 7, mwaka 1896, yeye mwenyewe aliingizwa katika nyumba ya maskini huko London, akatenganishwa na mama yake. Lakini wakati wa kupiga picha za kilio hicho, Jackie alikuwa mtoto mchangamfu, machozi hayaji. Chaplin alisimulia baadaye kwamba baba wa mtoto ndiye aliyemtisha: usipolia, utapelekwa huko kweli. Akalia hasa. Chaplin alipokwenda kumbembeleza, Jackie akamnong'oneza kuwa baba ameshamwambia si kweli. Hata hivyo, mimi sioni kama ile ilikuwa njia njema.

Jackie akawa nyota, akaingiza mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima akaulizia fedha zake, akakuta mama yake na baba wa kambo wamekwisha kuzitumia. Akaenda mahakamani mwaka 1938, akapata sehemu ndogo tu. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria ili sehemu ya malipo ya mtoto mwigizaji iwekwe akiba kwa ajili yake, na hadi leo watu huiita kwa jina la Coogan.

Yeye aliendelea kuigiza. Miaka ya 1960 alionekana kwenye televisheni akiwa na upara unaong'aa, ndiye mjomba Fester wa The Addams Family, yule anayetia balbu mdomoni ikawaka.