Uyoga Uliofungwa kwa Unga wa Siagi

Huko Uingereza mgeni asiyekula nyama huandaliwa uyoga uliofungwa katika unga wa matabaka. Unga huo uliokandwa hukunjwa pamoja na siagi mara 6, kila mara mikunjo 3, hata siagi ikawa matabaka 729. Adui yake ni maji. Basi ukatekate uyoga, uukaange na vitunguu hata maji yote yakauke. Usiharakishe, mimi niliharakisha, nikawawekea wageni mkate uliokuwa uji upande wa chini! Kisha uuache upoe kabisa, maana siagi ikiyeyuka kabla ya kuokwa, unga hauinuki. Ndipo uufunge, uupake yai, uutoboe juu mvuke upate kutoka, uuoke katika tanuri lenye moto wa digrii 200 hata uwe rangi ya dhahabu.